Mwaka Tuliolala Kwenye Trela la Hema

Mahema ya matanga ya Mjomba Shee yalikuwa yangu. Nakodisha mahema na viti kule Kiembeni, kwa harusi na misiba, na safari hii sikumwachia kijana yeyote kazi ya kuyasimamisha, kwa sababu vijana wangu hufunga kamba kama watu wanaotaka kwenda nyumbani. Siku ya pili baada ya maziko, nilikuwa nje ya ua wa Mtongwe nakaza kamba iliyolegea, mwanamke mmoja mwembamba akaingia na begi moja na leso ya kahawia kifuani, vumbi limemkaa kwenye nyusi. Sikumtambua mpaka aliponitazama mikono, si uso, akasema, "Wewe Riziki, fundo hilo nilikufunza mimi." Alikuwa Bi Maimuna, mke wa kwanza wa mjomba wangu, mkaza-mjomba wangu ambaye sikumwona kwa miaka inayokaribia thelathini. Alikuwa amepata habari kwamba mumewe yu mgonjwa sana, akapanda lori kutoka huko kwenye jangwa la Chalbi, ng'ambo ya Marsabit, na mauti yakatangulia akiwa bado yuko njiani.

Hakulia mbele ya watu. Alisalimia wazee mmoja mmoja, akapewa pole naye akatoa pole, akanywa maji, kisha akasema jambo lililolinyamazisha baraza zima: alitaka aonyeshwe mahali pa kukaa eda yake. Mama Mkubwa, dadake mjomba, aliyenilea mimi na ambaye nyumbani mle hakikuinjikwa chungu bila idhini yake, aliinuka kwenye mkeka. Alisema eda ni ya mjane, na mjane wa Shee ni mmoja, naye ni Mwanakombo, yumo ndani nyuma ya pazia na nguo zake nyeupe. Huyu Maimuna aliachwa zamani huko huko jangwani. Maalim, aliyekuwa amekuja kusoma hitima, alimsikiliza hadi mwisho, akasema kwa upole kwamba ndoa ikishafungwa huhesabiwa ipo, na anayedai talaka ndiye aletaye shahidi. Mama Mkubwa hakusita hata kidogo. "Shahidi yupo," alisema. "Riziki alikuwa nao. Walilala mahali pamoja mwaka mzima. Muulizeni." Nikaitika abee. Nikaomba kwanza ninawe mikono, maana ilikuwa na udongo wa vigingi, na kule bombani nilinawa taratibu kuliko udongo wenyewe ulivyohitaji.

Mwaka wenyewe nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza shule, sina kazi wala mchumba, kazi yangu kukuna nazi. Mjomba Shee alikuwa fundi wa pampu za maji, na mwaka huo alipata kazi ya kutunza pampu za visima vya Chalbi, akaambiwa nyumba hakuna, ajitegemee. Ndipo akaleta lile trela. Alilipata kwenye yadi moja ya Changamwe, mzungu mwenyewe alikuwa amelitelekeza, na lilipoingia uani nyuma ya Landrova halikuwa na sura ya kitu cha kulalia. Lilikuwa sanduku pana la bati juu ya magurudumu mawili. Mjomba akachomeka mpini ubavuni, akazungusha, na paa la sanduku likaanza kupanda lenyewe juu ya miguu minne, huku turubai likijikunjua chini yake. Kisha akavuta kitanda kimoja kikatokeza mbele, na kingine nyuma, vyote viwili vikaning'inia nje na turubai lake juu. Katikati palibaki njia ya kupita mtu mmoja, meza ya kukunja, na jiko la gesi la mafiga mawili. Majirani walikuja kuona hata kutoka Timbwani. Mzee mmoja aliuliza kama mke yumo ndani ya bei. Bi Maimuna aliingia, akafunua magodoro, akanusa pembe zote, akatoka na hukumu kwamba chumba ni kizuri lakini kimefungwa na watu wasiojua kufagia.

Wakati huo hakuwa na nia ya kwenda. Wake wa Likoni hawafuatani na waume zao porini, wao hungoja nyumbani, na hilo ndilo lililokuwa limepangwa. Mpango ulibadilika jikoni. Mama Mkubwa na jamaa zake walikuwa wanachambua mchele, mimi nipo na mbuzi yangu ya kukunia, na maneno yao yalikuwa kuhusu binti mmoja wa Ng'ombeni aitwaye Mwanakombo, mtulivu, wa watu wazuri. Walisema Shee ameshakuwa mtu mzima, miaka tisa ya ndoa na nyumba haina mtoto, na kwamba posa itapelekwa ili akirudi akute mambo tayari. Hawakuteta kwa ubaya. Waliongea kama wanavyoongea juu ya kuezeka upya banda la kuku. Bi Maimuna alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya maziwa, na walipomwona wakaendelea na mchele. Jioni ile alimwambia mumewe kwamba anakwenda naye, na kwamba atanichukua mimi nimsaidie. Mjomba akasema kuna vumbi huko. Yeye akajibu kwamba hata jikoni kuna vumbi.

Mimi nilijua anakwenda kutafuta nini. Alitaka kumsikia mumewe mwenyewe akisema kama ataoa au hataoa, kwa mdomo wake, mahali ambapo dadake hayupo kumsemea. Miezi tisa alilitafuta neno hilo, na Mjomba, mtu wa maneno mengi juu ya pampu, juu ya hilo alikuwa bubu.

Chalbi ni uwanda mweupe wa chumvi na vumbi, hauna mti wa kuegemea wala ukuta wa kukingia. Kila siku upepo ulianza kabla ya jua kuchomoza, ukavuma asubuhi yote, ukatulia alasiri. Sisi tulifika alasiri, kwa hiyo tulidanganyika. Tulipochagua mahali karibu na kisima, Bi Maimuna alisimama akalowesha kidole, akatafuta kile kiupepo kilichobaki kinakotoka, akaamuru mlango uelekee huko huko. Hakuna mtu wa pwani ambaye angefanya vingine. Kwetu chumba kisichopata upepo si chumba, watu hubomoa ukuta kuutafuta, na mpangaji huuliza upepo kabla ya kuuliza choo. Asubuhi tuliamka tumefunikwa. Vumbi lilikuwa kwenye masikio, kwenye birika, ndani ya chumvi, ndani ya msahafu uliokuwa umefungwa kitambaa. Mjomba alitoka akaligeuza trela zima kwa Landrova, mgongo ukaelekea upepo, naye Bi Maimuna akakaa ndani ya gari amenuna kwa sababu aliona ameharibiwa baraza lake. Jirani yetu, mama wa Kigabra aitwaye Tume, ambaye nyumba yake ya mikeka na ngozi ilikuwa upande wa pili wa kisima, alikuja kututazama tukikung'uta magodoro. Alikaa tu akacheka mpaka akashika mbavu, na tangu siku ile wakawa marafiki na Bi Maimuna, kila mmoja akisema lugha yake.

Kosa la pili lilikuwa tamu zaidi, na ndilo lililotuponza. Kwetu chuma kisipopakwa mafuta chumvi hukila. Bawaba, kufuli, baiskeli, cherehani, kila kitu kinapakwa, na mtu asiyepaka huonekana mvivu. Basi Ijumaa moja Mjomba hakuwa na kazi, wakaamua kulitunza trela. Yeye alipaka grisi nyaya zinazoinua paa na vile vigurudumu vyake vidogo, na ile miguu minne akaipaka juu mpaka chini. Bi Maimuna alichukua mafuta ya nazi aliyokuja nayo toka nyumbani akapaka zipu zote, za milango na za madirisha, kwa kidole, jino kwa jino. Walifanya kazi hiyo pamoja asubuhi nzima wakitaniana. Bi Maimuna alimpaka Mjomba mafuta puani, Mjomba akamwambia kwamba sasa hataota kutu. Mimi nilipika wali. Nikiukumbuka mwaka ule, siku ya furaha kubwa ni hiyo, na ilikuwa siku ya kuharibu kila kitu. Mafuta yalilikamata vumbi, vumbi likakaa, likashiba mafuta, likawa kitu kigumu kinachosaga.

Kula kwetu kulikuwa kwa majira ya upepo. Asubuhi tulikula tulichopika jana, ndani, zipu zimefungwa, leso mbichi zimetundikwa kuzuia vumbi. Nazi ziliisha mwezi wa pili na mchuzi ukawa mweupe wa maziwa ya ngamia aliyoleta Mama Tume, ladha ya moshi. Mchanga ulikuwa kwenye kila tonge, tukajifunza kutafuna polepole. Alasiri upepo ulipotulia, Bi Maimuna alisukuma mahamri, akayachoma nje, na harufu ya iliki ilikwenda mbali kwa sababu hapakuwa na harufu nyingine ya kushindana nayo. Madereva wa malori wakaanza kusimama. Kisha wakaanza kusimama kwa makusudi, na mmoja akawa analeta unga na sukari bila kuagizwa. Mkaza-mjomba wangu, ambaye Mtongwe alikuwa akipika kwenye chungu cha mtu mwingine na kuonjewa chumvi kama mtoto, sasa alikaa kwenye kigoda chake na wanaume wazima wakingoja zamu. Alinenepa kidogo. Alianza kuimba akipika, jambo ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani.

Mambo ya mume na mke nilikuwa nayasikia bila kutaka. Turubai si ukuta. Wakati wa upepo mtu angeweza kupiga mayowe kwenye kitanda cha mbele na wewe wa nyuma usisikie, lakini upepo ukitulia hata mtu akijikuna unajua. Kwa hiyo mimi, kwa adabu, kila alasiri, mahamri yakisha, nilitoka nikaenda kisimani au kwa Mama Tume, nikawaachia chumba chao. Walifahamu ninachofanya na hatukuwahi kulizungumzia.

Ndipo ukaja ule upepo. Uliamka na nguvu ambazo hatukuwa tumeziona, na Mjomba akasema tushushe paa haraka kabla turubai halijachanika. Mpini ukazunguka kidogo, ukagoma. Nyaya zilikuwa zimekwama kwenye vigurudumu vyake, zimeviringwa uchafu mweusi. Paa halishuki wala halipandi. Nikakimbilia mlango, zipu ikafika katikati, ikakataa, ikang'oka kishikio mkononi mwangu. Upepo ukazunguka, ukaingia kwa ule mlango wazi, hema likavimba, na gurudumu moja la trela likanyanyuka kutoka ardhini, likarudi, likanyanyuka tena. Mama Tume na watu wake walikuja wameinama, na kamba za ngozi, wakalifunga paa kwa juu hadi kwenye Landrova. Mjomba na mkewe wakapanda kitanda cha upande wa upepo, wakalala kifudifudi ili walitie trela uzito. Mimi nilitafuta sindano ya magunia na ule uzi mgumu wa kuzibia maungio ya pampu, nikaanza kuushona mlango kutoka ndani. Nilishona nimefumba macho, navuta kwa meno, na nilipomaliza sisi watatu tulikuwa humo ndani na hapakuwa na njia ya kutoka ila kwa kisu. Mshono ule ndio kazi yangu ya kwanza ya hema, na hadi leo sijashona mwingine ulioshika vile.

Tulikaa hivyo hadi alasiri. Upepo ukaanguka ghafla, kama kawaida yake. Mjomba na mkewe walijiinua, vumbi limewafanya wote wawili wazee, wakakaa ukingoni mwa kitanda. Mimi nilikuwa kwenye kitanda changu, nimevuta pazia. Nikamsikia Bi Maimuna akimuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya samaki, "Shee, ukirudi waoa?"

Mjomba akasema, "Mtoto yumo humu."

"Mtoto ana miaka ishirini, na mlango ameushona mwenyewe. Aende wapi? Nijibu."

Mjomba akasema naam, anaoa. Alisema alitaka mtoto, na hakuwa na njia ya kulisema hilo bila kumuumiza, na ndiyo maana akanyamaza, na kunyamaza nako ameona kunamuumiza. Nilisikia akilia, Mjomba, si mkewe. Bi Maimuna alimwacha alie hadi akamaliza.

"Kuoa ni haki yako na mimi sikuzuii," alisema. "Mwenzangu sina ubaya naye, simjui. Lakini jiko lile sirudi. Miaka tisa, kila mwezi, dadako akinitazama tumbo kabla hajanitazama uso. Hapa hakuna anayenitazama tumbo. Niache mie nikae."

"Kaa. Trela ni lako."

"Nimesema niache, Shee. Nipe talaka yangu uende na moyo mweupe."

"Hiyo siitoi," akasema Mjomba. "Kaa utakapo, fanya utakalo, rudi siku utakayo. Lakini wewe ni mke wangu na neno hilo kinywani mwangu halitoki. Wallahi halitoki."

Nikamsikia Bi Maimuna akisema kwamba ana njaa, na Mjomba akatafuta kisu akakata uzi wangu mlangoni. Kesho yake alianza kuzisafisha nyaya kwa mafuta ya taa na kitambaa kikavu, kila kigurudumu, mpaka chuma kikawa kitupu na kikavu namna ambayo kwetu ingekuwa aibu. Paa likashuka, likapanda. Mkataba wake ulipoisha tulirudi Mtongwe wawili, mimi na yeye, Landrova ikiwa nyepesi bila kitu nyuma. Mama Mkubwa alitutazama tukishuka. Mjomba alisema, "Maimuna amebaki," akaingia kuoga, na juu ya jambo hilo hakuongeza neno lingine maisha yake yote. Watu walijaza wenyewe yaliyobaki. Mimi hakuna aliyeniuliza, na maneno ya mke na mume hayasimuliwi kwa kuwa tu umeyasikia. Harusi ya Mwanakombo ilifanyika, watoto watatu wakazaliwa, nami nikaanza kushona mahema.

Nilifunga bomba, nikarudi barazani. Mama Mkubwa alikuwa amenipa nafasi ya kukaa ubavuni pake, na hilo lilinichoma, kwa sababu mwanamke yule ndiye aliyenivisha na kunilisha na kunifunza kuswali, na alikuwa na hakika nami. Nilijua ninachokwenda kumfanyia. Nilikaa mbele ya Maalim badala ya ubavuni pake, nikasema nilikuwemo, nilisikia, na talaka haikutolewa. Iliombwa na ikakataliwa kwa kiapo. Niliyarudia maneno ya Mjomba kama alivyoyasema. Maalim akauliza kama nina hakika, nikasema mlango ulikuwa umeshonwa, sikuwa na pa kwenda nisiyasikie.

Mama Mkubwa hakunigombeza. Alikuwa anamtafuta nduguye katika yale maneno, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa upya. Alisema, si kwangu, si kwa yeyote, kwamba Shee amekula mkononi mwake miaka yote hiyo na hakumwambia. Kisha akajikaza, akamgeukia Bi Maimuna. Alisema hata kama ni hivyo, mke gani huyu asiyemwona mumewe miaka thelathini? Mke wa jina? Maalim alifungua mdomo, lakini aliyejibu hakuwa yeye. Sauti ilitoka ndani, nyuma ya pazia, kwa Mwanakombo, ambaye tangu maziko hakuwa amesema ila kuitikia pole.

"Walikuwa wakionana, wifi," alisema. "Kila mwaka alipokwambia anakwenda kazi za Garissa, alikuwa anakwenda kwa mwenzangu. Nguo zake za safari nilikuwa nikizifunga mimi. Hiyo leso aliyojifunga, naiona kwa upenyo wa pazia, nimeinunua mimi sokoni Markiti, nikaitia kwenye begi la marehemu kwa mkono wangu. Mwacheni aingie."

Sote tuliitazama ile leso. Ilikuwa ya kahawia na nyeupe, imefuliwa mara nyingi, pindo zimekunjwa vizuri. Bi Maimuna naye aliitazama, akaigusa kifuani ilipofungwa, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, kwa sababu hakuwa anajua. Alikuwa akidhani ni mume aliyekuwa akimchagulia. Alivua ndara zake mlangoni, Mama Mkubwa mwenyewe akashika pazia, naye Bi Maimuna akaingia chumbani alimokuwa mwenziwe. Wawili hao walikuwa hawajapata kuonana hata siku moja.